Mkono Niliouficha Mfukoni

Mwenyekiti, asante. Na ninyi wa kikundi chetu cha kiharusi mliofika hapa mtaani Skuta na baridi hii ya asubuhi, wengine kwa magongo, wengine mmesukumwa kwa viti, asanteni. Kabla sijasimama, mwenyekiti ameniinamia akaniambia, "Mwalimu, leo hatutaki somo. Tunataka ushuhuda." Nikamwuliza tofauti ni ipi. Akasema, "Kwa somo unatoa yale unajua. Kwa ushuhuda unatoa yale ungependa tusijue." Basi nimekuja na hayo ya pili. Ninayo mengi.

Mnaona nimeshika maikrofoni kwa mkono wa kulia. Ikianguka msishtuke, ni vidole tu vimechoka. Jina la mtu sitataja. Baadhi ya ninaowasema wamo humu ndani, na mmoja wao ameniahidi kwamba nikimtaja nitajipikia mwenyewe leo jioni.

Wengi wenu mlipotoa ushuhuda mlianza kwa kusema mlikuwa watu wa imani. Mimi nilikuwa mtu wa "kwani". Nilizaliwa Mweiga, kwa mama mwenye ng'ombe na viazi, nikaenda chuo kikuu kusomea biolojia, na nikarudi nyumbani nikiwa na neno hilo moja mdomoni. Kwani lazima tuombee chai? Kwani ni nani alipima akaona hii mbegu inazaa kuliko ile? Mama alikuwa ananiambia, "Wewe, hata ng'ombe ikizaa utauliza kwani." Nilicheka. Nilijiona mtu mwenye akili kali, na nikapata kazi ya kufundisha biolojia katika shule moja ya sekondari si mbali na mjini, na huko pia nikawafundisha wanafunzi kuuliza kwani.

Siku moja walikuja shuleni wauguzi kutupima presha sisi walimu. Yangu ilikuwa juu. Muuguzi alinitazama mara mbili, kwa sababu nilikuwa kijana na sina kitambi. Akasema, "Mwalimu, hii iko juu sana. Kuja kliniki tupime tena." Mimi nikaanza kumfundisha. Nikamweleza kwamba kuna watu ambao presha hupanda kwa sababu tu wameona koti jeupe. Nikamwambia kipimo kimoja hakithibitishi kitu. Walimu wenzangu walikuwa wanasikiliza, nami nikapandisha sauti kidogo ili wasikie vizuri.

Muuguzi akasema, "Ndiyo maana nakuambia ukuje tupime tena."

Ndugu zangu, nawaambia, nimelifikiria jibu lile mara nyingi nikiwa nimelala chali. Kama kweli nilikuwa na shaka, ningeenda kupima mara ya pili. Mtu mwenye shaka hurudia kipimo. Mimi sikwenda. Nilitaka tu kushinda mabishano, na nikashinda.

Baada ya muda, nikiwa darasani, chaki ikaanguka. Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa nachora ubongo ubaoni, hadithi ingenoga, lakini nilikuwa nachora figo. Chaki ikaanguka, nikainama kuiokota, na mkono ukakataa. Nikauona pale chini karibu na chaki, nikauambia chukua, ukabaki umelala kama mkono wa mtu mwingine. Nikajaribu kuwaambia wanafunzi watulie, na maneno yakatoka yamelegea. Wakacheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka. Nyuma mmoja akasema, "Mwalimu amekunywa." Mwenzangu akaja kunishika, akanipeleka ofisi ya walimu, akaninusa mdomo kabla ya kunikalisha. Nilimwona akininusa. Kisha wakaniletea chai yenye sukari nyingi, ikanimwagikia kifuani, na mimi mwenyewe, mwalimu wa biolojia, nikawaambia kwa huo mdomo uliopinda kwamba nimelalia mkono vibaya na itapita. Tukasubiri ipite. Ninyi mnaojua kiharusi mnajua kusubiri kule kunakula nini.

Hospitalini walisema mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Mdomo ulirudi mapema. Mguu ulirudi ukichechemea, lakini ulirudi. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma. Niliweza kukunja vidole kidogo na kuinua kifundo cha mkono kidogo, na hapo ndipo uliposimama. Nikarudishwa Mweiga kwa mama.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe.

Kwetu huku, mnajua, mtu hasalimiwi kwa kupungiwa. Utampa mkono, tena wa kulia. Ukimpa mtu mzima mkono wa kushoto umemtukana, hata kama hukusema neno. Na tunasalimiana kila mahali: dukani, kwa kinyozi, kwenye foleni ya maziwa. Ibada ikiisha watu wanasimama mstari nje ya kanisa, na kila atokaye anapita akiwapa mkono wote, kisha anajiunga na mstari mwishoni, hadi kila mtu awe amemshika kila mtu. Mimi nilikuwa nacheka mstari ule. Nilikuwa nasema ni njia bora ya kueneza mafua.

Watu walipokuja kuniona, wamebeba mikate na maziwa, kila mmoja alinyoosha mkono. Wa kulia haungeweza kuinuka bila kutetemeka, na vidole vimejikunja kama makucha ya kuku aliyekufa. Wa kushoto ungekuwa tusi. Basi nikagundua mfuko. Nikavaa jaketi, nikatia mkono wa kulia mfukoni, na mtu akinyoosha wake nikawa natikisa kichwa tu. Nikasikia mzee mmoja akimwambia mwenzake pale langoni, "Huyu amesoma hadi hasalimu watu." Mwenzake akasema, "Dharau. Hata Mungu akimgonga hashuki."

Nikafurahi. Haki ya nani, nilifurahi. Nilichagua kuitwa mwenye dharau kuliko kuitwa kiwete. Na mkono ukabaki mfukoni.

Nilikuwa na mkono mmoja mzima na simu, nikawa nasoma. Nilisoma sana kuhusu ubongo. Nikajifunza kwamba kwa miaka mingi wataalamu walidhani ubongo wa mtu mzima ukiumia umeumia, basi, na kwamba siku hizi wanajua sivyo. Sehemu iliyokufa haifufuki, lakini zilizo jirani nayo zinaweza kujifunza kazi yake, mtu akiirudia kazi ileile mara nyingi mno, kazi halisi, si kujinyoosha tu. Nikasoma pia kwamba mwili hurudi kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, kisha kasi inapungua. Katika yote hayo nikachagua sentensi moja, hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyoniruhusu kulala.

Pale hospitalini kulikuwa na fizio, wale wanaowafundisha wagonjwa kutumia viungo tena, msichana wa rika langu kutoka upande wa Meru, mwenye mdomo. Mara ya kwanza aliniuliza, "Huo mkono unaufanyia nini ukiwa nyumbani?"

Nikamwambia, "Naupumzisha."

"Umefanya kazi gani ikachoka?"

Hakungoja jibu. Akaniuliza, "Kwenu Mweiga shamba isipolimwa, jirani anafanya nini?"

"Anasogeza mpaka."

"Haya. Na kichwani ni hivyo hivyo. Kuna mahali pa mkono. Usipotumia mkono, majirani wanaingia hapo wanapanda vitu vyao. Baadaye hata ukitaka kulima, hakuna shamba."

Nikamwambia, "Huo ni mfano. Ushahidi uko wapi?"

Nilidhani atakasirika. Alivuta kiti akakaa. Alinieleza kwamba ushahidi upo, na kwamba una mipaka yake: mazoezi yanawasaidia zaidi wale ambao bado wana mwendo kidogo kwenye kifundo na vidole, na mimi nilikuwa nao, na hata kati yao, wengine wanarudi vizuri, wengine kidogo tu. "Wewe utakuwa yupi, mimi sijui," akasema. "Mtu akikuambia anajua, mkimbie."

Nikamwambia miezi ya mwanzo imeshapita, nimesoma, dirisha limefungwa. Akaniuliza, "Uliyosoma ilikuwa ni ya wastani?" Ndiyo, nikasema, wastani wa wagonjwa wengi. "Sasa wewe mwalimu, umewahi kupatana na huyo mgonjwa wa wastani? Anakaa wapi nimpigie?"

Akachukua soksi nene ya sufu, akanivalisha kwenye mkono wa kushoto, ule mzima, akaufunga kwa kamba. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Mkono mzima unafungwa ili mgonjwa alazimike kufanya kazi. Kunywa chai, kufungua mlango, kuvua kofia, kila kitu kwa ule mbovu. Nilivaa soksi ile mle chumbani nikafanya aliyoniambia. Nilipofika langoni mwa hospitali nikaivua kwa meno.

Nyumbani mama hakuniambia neno. Mama alinipenda vibaya, na nasema hivyo nikimpenda. Alinifunga vifungo. Alinikatia viazi sahanini. Nikinyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe, kabla haujafika mama amekishika. "Wacha, mwanangu, itakumwagikia." Nami nikaacha. Ilikuwa raha. Fizio alipompigia simu kuuliza kama soksi inavaliwa, mama akamwambia inavaliwa, ingawa aliniona nimeitia mfukoni.

Samahani, ngojeni nibadilishe mkono. Maikrofoni hii ni nzito kuliko inavyoonekana.

Sasa, nilikuwa na mchumba. Ni msichana wa Kutus. Kabla sijaanguka, jamaa zangu walikuwa wameshapeleka mbuzi wa kwanza kwao na ahadi ilikuwa imewekwa. Kilichobaki kilikuwa ngurario. Ninyi wa huku mnaijua, lakini kwa mwenzetu aliyetoka mbali, nieleze. Ngurario ndiyo ndoa yetu ya kimila. Inafanywa nyumbani kwao msichana. Linaletwa bega la mbuzi lililochomwa, tunaliita kiande. Msichana analishika upande mmoja, na mwanamume, mbele ya wazee wa pande zote mbili, anachukua kisu na kukata. Anakata yeye. Hakuna kukatiwa. Mpaka kiande kikatwe, wazee watakuambia huna mke.

Wazazi wake walinisubiri nipone. Walipoona natembea, wakauliza siku. Na mimi nikampigia mchumba wangu simu nikamwambia nimefikiri sana. Nikamwambia mambo ya kukata nyama mbele ya watu ni maigizo. Kwani bega la mbuzi linajua nini kuhusu ndoa? Twende kwa ofisi ya serikali tuweke sahihi, yaishe. Nikasema nikiwa mtu wa sayansi siwezi kushiriki kitu nisichokiamini. Nilisema vizuri sana. Akasema, "Sawa, nitawaambia."

Akawaambia. Na kule Kutus ikaeleweka hivi: familia ya Mweiga imewadharau. Baba yake, ambaye ana duka la mbao na si mtu wa maneno mengi, akasema mbuzi warudishwe.

Ndipo mchumba wangu akaja Mweiga. Hakunipigia simu kwanza. Alinikuta nimekaa kwenye kiti mbele ya jiko, na mama amekwenda kukama. Akachukua karai la viazi, akaliweka katikati yetu, akachukua kisu akaanza kumenya. Alimenya kiazi baada ya kiazi hadi nikaanza kuogopa. Kisha akanipa kisu.

"Menya."

Nikamwambia nimechoka.

"Kiazi moja tu, Mwalimu."

Nikatoa mkono wa kushoto kukipokea. Akakivuta nyuma. "Ule mwingine."

"Wacha mchezo."

"Ule mwingine. Uko wapi? Tangu utoke hospitali sijauona. Nimekuja hapa mara ngapi, nakaa na jaketi."

Sikuutoa. Akakiweka kisu juu ya viazi, akanitazama, na akasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka uso unapata joto. "Wewe huogopi mila. Unaogopa kisu. Mimi nilijua ile siku ulinipigia. Nikaenda kwa baba nikasimama nikamwambia ati wewe ni mtu wa sayansi. Nikawaacha wanakuita mjinga wa kusoma ndiyo wasijue. Nimekusitiri, na wewe umeacha baba yangu aamini tumetukanwa. Mimi nimechoka kukusitiri."

Nikaanza kumweleza. Nikasema maneno mengi, kuhusu ubongo, dirisha, wastani. Akasubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

"Kuja Kutus," akasema. "Uwaambie kwa mdomo yako. Kama hunitaki, waambie hunitaki, mbuzi zirudi. Kama ni mkono, waambie ni mkono. Lakini hiyo ya sayansi, usiirudie mbele yangu tena. Unaifanyia vibaya."

Unaifanyia vibaya. Aliitetea sayansi dhidi yangu. Na alikuwa na haki. Aliponiacha pale, nilibaki nikiviangalia viazi vile alivyomenya, nikaona nimetumia elimu yote niliyosomeshwa kujifunikia mkono mmoja. Mama aliporudi na ndoo ya maziwa alinikuta nalia, akakimbilia kunipangusa uso. Nikamwambia, "Wacha, mama. Nitajipangusa." Nikautoa mkono ule mbovu nikajipangusa nao. Ulinigonga pua. Mama akaweka ndoo chini akalia yeye.

Nilikwenda Kutus. Nilipofika, baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake na penseli sikioni. Hakutabasamu. Akanyoosha mkono.

Ndugu zangu, nimeulizwa na wengi hapa, siku gani ulianza kupona. Madaktari watawaambia tarehe nyingine. Mimi najua ilikuwa pale mlangoni. Mkono wake ulikuwa hapo hewani, umejaa vumbi la mbao. Nilikuwa na jaketi. Ningeweza kutikisa kichwa. Nikautoa mkono wangu. Ulitoka mfukoni umekunjika, ukapanda ukitetemeka, ukasimama kabla haujafika, na kwa muda wote huo yule mzee hakuushusha wake. Ulipofika hakuubana. Aliushika, akautazama, akaugeuza kama ubao anaoukagua ufa.

"Ndio huu?" akauliza.

"Ndio huu, baba."

"Si ati ni mambo ya serikali na sahihi?"

"Hapana, baba. Ni aibu."

Akavuta pumzi. "Sasa mbona mtu asiseme? Mimi nimewaambia watu wa hapa ati nyinyi mnatudharau. Nimesema hata kwa kanisa. Umenifanya mwongo, kijana." Alikuwa amekasirika kweli, msidhani alinikumbatia. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia kama ataruhusu, kaka yangu atakata kiande kwa niaba yangu. Hapo ndipo alipoachilia mkono wangu.

"Kaka yako anaoa nani hapa?" akasema. "Wewe ndiye utakata. Ikichukua siku mzima, watu watakaa. Chakula iko."

Nikarudi kwa fizio, na sijui kama nimewahi kuingia mahali nikiwa nimenyenyekea hivyo. Nikamtolea soksi mfukoni. Nikamwambia ukweli kwamba sikuwahi kuivaa nje. Akasema, "Nilijua. Ilikuwa safi sana." Kisha akaniuliza nataka mkono wa kufanya nini. Nikamwambia wa kukata bega la mbuzi. Akacheka hadi wagonjwa wengine wakageuka, akasema huyo ndiye mgonjwa anayemtaka, kwa sababu ubongo haujifunzi "mkono", unajifunza kazi.

Tukaanza. Alifunga mpira wa tyubu kwenye mpini wa kisu ukawa mnene, ili vidole visihitaji kufumba hadi mwisho. Nilikata ugali uliopoa. Nilikata maboga. Nilikata viazi, na mama akakatazwa kukaa jikoni nikiwa humo, maana hangeweza kujizuia. Alikuwa anasimama nje dirishani akiguna kila kisu kikiteleza. Soksi niliivaa sasa kila mahali, hadi dukani, na vijana wa bodaboda wakaniita Bondia. "Bondia, leo unapiga nani?" Mwanzo nilitaka kufa. Baadaye nikawa najibu, "Kiazi." Na Jumapili moja nilisimama kwenye ule mstari nje ya kanisa, mimi niliyeucheka. Nilimpa kila mtu mkono ule. Wengine waliushika wakaangalia pembeni. Yule mzee wa "hata Mungu akimgonga hashuki" aliushika akaangalia chini, akasema, "Pole, mwanangu. Mimi nilisema vibaya." Nikamwambia hapana, alisema nilichotaka aseme.

Je, ubongo wangu ulijipanga upya? Siwezi kuwaambia nimeuona. Sijapigwa picha ya kabla na baada. Huenda kwa sehemu mkono ungerudi wenyewe. Naweza kuwaambia tu nilichokipima: boga ambalo sikuweza kulikata, baadaye nililikata. Safari hii nilirudia kipimo.

Siku ya ngurario ikafika. Nyumba ya Kutus ilijaa. Fizio alialikwa, akakaa katikati ya mashangazi akinikazia macho kama msimamizi wa mtihani. Kiande kikaletwa. Mchumba wangu akashika upande wake. Nikachukua kisu changu chenye mpira wa tyubu, na nyumba nzima ikakitazama kile kisu, na mimi nikajua sasa wote wanajua.

Nikakata. Kisu kikateleza kwenye mafuta. Nikarudisha. Jasho likaanza kunitoka, mkono ukaanza kutetemeka, na shangazi mmoja wa upande wao, ambaye hakuwa ameambiwa, akasema kwa sauti, "Ai, kwani kisu ni butu?"

Baba mkwe akasema, "Kisu ni kali. Nyamazeni."

Wakanyamaza. Nilisikia kisu kikisaga kwenye nyama. Mchumba wangu hakunisaidia hata kwa kuvuta, alishikilia tu upande wake. Na mwisho kiungo kikaachia, vibaya, upande mmoja ukiwa mkubwa kama wa jitu na mwingine mdogo. Akina mama wakapiga vigelegele. Watu wakasimama.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopata aibu kuliko zote. Nilitaka kuweka kisu chini, na mkono ukakataa kufunguka. Mimi niliyefanya mazoezi ya kushika sikuwa nimefanya ya kuachia. Vidole vilikuwa vimejifunga kwenye mpini, na kadiri nilivyojaribu ndivyo vilivyozidi kubana. Nimesimama pale, bwana harusi, na kisu mkononi, mbele ya wakwe wote, watu wanasubiri nimlishe mke wangu nyama.

Akaja upande wangu. Hakufanya haraka. Akaushika mkono wangu mbele yao wote, akaanza kufungua vidole, kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Nikamnong'oneza, "Wanaona." Akasema, "Wacha waone." Kisu kikaanguka mezani. Kisha akaniwekea kipande cha nyama kwenye vidole vile vile, akasogeza mdomo wake karibu, akangoja niuinue.

Namshukuru yeye, aliyekataa kunisitiri. Namshukuru mama, ambaye siku hizi anakaa juu ya mikono yake nikinywa chai. Namshukuru fizio, na yule muuguzi wa presha, ambaye nilimtafuta nikamwomba msamaha, akasema hanikumbuki, wako wengi kama mimi. Dawa ya presha nameza kila siku. Nawashukuru ninyi. Nilipokuja kwenye kikundi hiki mara ya kwanza nilikaa kule nyuma na jaketi, na hakuna aliyenilazimisha.

Somo, mwenyekiti, najua ulilikataza, lakini nina moja fupi. Kuuliza sijaacha. Yeyote atakayekuuzia mafuta ya kurudisha mkono, mwulize kwani. Na atakayekuambia ubongo hautawahi kubadilika, mwulize pia. Lakini ukishauliza, nenda ukapime. Mimi niliuliza nikalala.

Aibu haijaisha. Hata sasa nimeivaa, mnaiona. Nimegundua tu kwamba mtu anaweza kutembea nayo nje.

Kuna mtu humu ndani leo ni mara yake ya kwanza, na amevaa jaketi, na tangu aingie hajatoa mkono mmoja mfukoni. Sitamtaja, wala sitamtazama. Nitakwenda kusimama pale mlangoni. Mkitoka, kila mtu anisalimu. Na wewe ukifika, chukua muda unaotaka. Wangu utakuwa hapo hewani, na hautashuka.